Nyaya Zilizopishana

Kosa langu la kwanza kubwa, lile ambalo hunijia hata leo nikiwa napiga mswaki au nikisubiri chai ipoe, lilikuwa kunyoosha nyaya ambazo mtu mzima alikuwa amezipishanisha kwa makusudi. Nilikuwa darasa la tano. Nilitumia kisu cha kupakia siagi. Kazi yenyewe haikuchukua muda mrefu kuliko kuoga, na niliifanya vizuri sana. Hilo la kuifanya vizuri ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimekumbushwa na kisanduku chenyewe. Mwezi uliopita nilipita kwenye ile ploti ya nyumba za kupanga tuliyokulia mjini Bungoma, nyuma ya msikiti, nikakuta mafundi wanakwangua kuta ili wapake rangi mpya. Kwenye kifusi kulikuwa na kisanduku cha plastiki cha kijivu, ukubwa wa mkate wa nusu, kifuniko kimepasuka. Niliomba nikichukue, wakaniambia nichukue tu, ni takataka. Nilipokifungua, harufu ikatoka ile ile: vumbi lililowahi kulowa, grisi iliyokauka, na kiota cha nyigu. Nilisimama pale barabarani nikiwa nimekishika, na moyo wangu ulikuwa unaenda mbio kama wa mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Wale mliokua wakati mmoja na mimi mnakumbuka simu za mezani. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana, lakini kwetu zilikuwa za watu wa benki na wenye malori. Katika ploti yetu kulikuwa na simu mbili tu, yetu na ya Mama Rukia, jirani tuliyeshiriki naye ukuta. Yetu ilikaa juu ya meza ndogo, chini yake kitambaa cha uzi na juu yake kitambaa kingine cha uzi, kana kwamba nayo ilikuwa ikisikia baridi. Waya mweusi ulitoka kwenye nguzo ya mkaratusi kando ya barabara, ukapita juu ya paa la choo, ukaingia kwenye kile kisanduku kilichopigiliwa ukutani, katikati kabisa ya nyumba zetu mbili. Kutoka hapo nyaya ziligawanyika: za kushoto zikaingia kwetu, za kulia zikaingia kwa Mama Rukia.

Baba alikuwa akifanya kazi Malakisi, kwenye ghala la tumbaku, na kila Alhamisi saa moja jioni alipiga simu. Mama, ambaye alikuwa mwalimu na kila mtu alimwita Mwalimu, aliongea kwanza. Halafu ikawa zamu yangu. Shida ni kwamba sauti ya baba ilikuja na mikwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia juu ya changarawe. Wakati mwingine nilimwambia arudie kitu mara tatu, na mara ya tatu nikajifanya nimesikia. Nilichukia sana kujifanya nimesikia.

Siku moja kifuniko cha kisanduku kilianguka kwa upepo. Nilipanda juu ya pipa la maji kukirudisha, nikaona ndani kwa mara ya kwanza. Juu kulikuwa na skrubu nne, chini skrubu nne. Nyaya fupi ziliunganisha za juu na za chini, lakini hazikushuka moja kwa moja. Zile za juu kushoto zilikwenda chini kulia, na za juu kulia zikaja chini kushoto. Katikati zilipandana kama miguu ya mtu aliyekaa vibaya.

Mimi nilikuwa mtoto ambaye alifuta daftari mpaka karatasi ikatoboka. Nilipanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa. Nilipoziona zile nyaya nilijua mara moja kwa nini baba hasikiki. Niliamini sauti hutembea kwenye waya kama maji kwenye mfereji, na kwamba pale zilipopandana sauti ya baba ilikuwa ikigongana na sauti za watu wa Mama Rukia, ikafika kwetu imechubuka. Fundi alikuwa mvivu, basi. Alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Jumamosi hiyo mama akiwa sokoni, nilipanda tena juu ya pipa na kile kisu. Nililegeza skrubu zote. Waya mmoja uliniuma kidogo kwenye kidole, kama ulimi ukigusa betri, nikaona ni ishara kwamba sauti imo ndani na iko hai. Nilizishusha nyaya zote wima, sambamba, nikazipima kwa rula yangu ya shule. Nikafunga skrubu, nikafuta vumbi kwa mkono wa sweta, nikarudisha kifuniko. Ndani ya nyumba nilinyanyua mkono wa simu. Mlio ulikuwepo. Niliapa moyoni kwamba ulikuwa safi kuliko jana.

Hapo lazima niwaeleze kuhusu Mama Rukia, maana bila hiyo hamtaelewa nilichovunja. Yeye na mama yangu hawakuwa wakisemezana. Ugomvi ulianza na maji ya kufulia, yaliyotoka kwetu yakapita mbele ya jiko lake alipokuwa akikaanga sambusa za kuuza. Maneno yakasemwa. Mama akanikataza kuvuka kwenda upande ule. "Ukitumwa chumvi, nenda dukani," alisema. "Huko usiende."

Na Mama Rukia alikuwa na jambo lake zito, ambalo ploti nzima ililijua. Binti yake, Rukia, aliacha shule ikiwa imebaki muhula mmoja amalize kidato cha nne, akaolewa Kitale. Mama yake alimwambia asikanyage tena pale. Ikapita miezi. Kisha ikasikika kwamba Rukia ni mjamzito, na huyu mama akalegea. Alimtuma mfanyabiashara mmoja wa msikitini, mzee aliyekuwa akipeleka vitambaa Kitale, akampe binti yake ujumbe huu: siku zako zikikaribia, piga simu nyumbani, nitakuja, nitakaa na wewe siku zote arobaini. Tangu hapo Mama Rukia hakutoka mbali na nyumba. Hata akienda chooni aliacha mlango wazi.

Jumatatu baada ya shule nilikuwa peke yangu nyumbani. Simu ikalia. Nilifurahi, nikajua ni baba, amesikia habari ya sauti mpya. Nikajibu kama mama alivyonifundisha, kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Hujambo. Hapa ni kwa Mwalimu. Nikuitie nani?"

Upande wa pili kulikuwa na mwanamke anayehema. "Wewe ni nani? Niitie Mama Rukia."

"Samahani, umekosea namba."

"Siwezi kukosea." Akaitaja namba, tarakimu moja moja. Haikuwa yetu. Yetu niliijua kama jina langu.

"Samahani, hiyo si namba ya hapa," nikasema, nikaweka mkono wa simu chini taratibu ili usigonge.

Ikalia tena. Safari hii alikuwa karibu kulia. "Kijana, si hapo ni Bungoma? Si ni nyuma ya msikiti? Niitie huyo mama, tafadhali."

Sasa nitasema ukweli. Nilijua Mama Rukia ni nani. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa, nilikuwa nikisikia mafuta yake yakichemka. Desturi ya watu wa ploti ni kwamba simu ikija, ya nani isiwe ya nani, mtoto anatoka mbio kuita. Hata wale wasiokuwa na simu waliitwa hivyo. Lakini nilikuwa nimekatazwa kuvuka, na mtu huyu alikuwa amekosea namba, na mimi nilipenda mambo yawe sahihi. Nikasema, "Samahani dada. Tafadhali angalia namba yako vizuri kabla ya kupiga."

Simu haikulia tena. Nilirudi kwenye hesabu zangu. Nakumbuka nilipata zote.

Alhamisi, saa moja, tulikaa kungoja. Simu yetu ilinyamaza. Saa moja na dakika tano tukasikia hodi, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Rukia, leso begani, mikono ina unga. Hakuwa amevuka mpaka ule kwa miezi.

"Mwalimu," alisema, akiangalia pembeni. "Baba Wanjala yuko kwa simu. Kwa simu yangu. Nimemwambia amekosea, akasema hapana, ni namba ya kwake. Njoo basi, asingoje."

Mama alitoka bila viatu. Mimi nilibaki mlangoni, nikitazama kile kisanduku ukutani.

Ijumaa asubuhi, kabla hatujaenda shule, alikuja fundi wa simu, Mzee Barasa, mtu mrefu aliyebeba ngazi begani kama mtu anayebeba jembe. Alifungua kifuniko, akaangalia. Akavaa miwani, akaangalia tena.

"Nani amenyoosha hapa?"

"Kwani imeharibika?" mama akauliza.

"Haijaharibika. Ni kazi safi kabisa, bana. Lakini si yangu." Alishuka ngazi mbili. "Huyu mama alikuwa anakaa hiyo nyumba yako, Mwalimu, kabla mzee wake hajafariki. Alipohamia huku kwa ndogo, alinililia ati namba yake imfuate, binti yake anajua hiyo tu. Waya ya kwake ilikuwa inaingia kwako. Ndiyo nikapishanisha. Sasa mtu amekuja akaona ni uchafu."

Sikuwahi kufikiri kwamba waya unaweza kupinda kwa sababu mtu amehama. Niliangalia vidole vya mzee vikizirudisha, moja juu ya nyingine, na nikaona kwamba hazikuwa zimewekwa kwa haraka. Alizikunja pembeni polepole, mviringo mdogo, ili zisigusane.

Mama Rukia alikuwa amesimama kwenye kivuli cha paa. "Tangu lini?" aliuliza.

"Hiyo siwezi jua, mama. Siku kadhaa."

Akamgeukia mama yangu. "Mwalimu, kama ulitaka kusikiza simu zangu, si ungeniambia tu? Mimi sina siri. Nina mtoto mmoja tu, na kila mtu anajua habari yake."

"Mimi? Nipande juu ya pipa na umri huu?"

"Sijui. Mimi nauliza kitu kimoja. Kuna mtu alinipigia huko kwako?"

Mama akanigeukia. "Wanjala. Kuna mtu alipiga akiuliza Mama Rukia?"

Mzee Barasa naye alinitazama, bisibisi mkononi. Nilikuwa na jibu tayari kooni. Lakini jibu lile lingefungua la pili, na la pili lingefika kwenye kisu cha siagi, na mimi sikuwa mtoto wa kukosea. Nilikuwa mtoto wa namba moja. Nilikuwa mtoto ambaye walimu walimtumia kama mfano.

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Kwa hiyo msiniulize kosa lilikuwa nyaya au nini. Nyaya zilirudi mahali pake kabla ya saa mbili.

Baada ya swala ya Ijumaa yule mzee wa vitambaa alikuja moja kwa moja kutoka msikitini. Nilikuwa nimerudi kula chakula cha mchana, nikamsikia kupitia ukuta; ukuta wetu ulikuwa wa kusikia kila kitu. Rukia amejifungua tangu Jumanne. Msichana. Alipata shida, lakini wote wawili wazima. Halafu akashusha sauti, na nikabandika sikio.

"Anasema usijisumbue kwenda. Anasema alitoka na uchungu wake akatembea mpaka kibanda cha simu, akapiga mara mbili. Ati ulibadilisha namba ili asikupate."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

Niliamua kukiri. Na kwa sababu mimi ni mimi, niliamua kukiri kwa maandishi. Nilichana karatasi katikati ya daftari, zile zinazotoka safi, nikaandika: "Kwa Mama Rukia. Ninaandika barua hii kukujulisha kwamba." Mwandiko ulipinda kwenye mstari wa pili. Nikaanza upya. Ya pili niliandika "nilijibu" mara mbili. Ya tatu ilikuwa nzuri mpaka jasho la mkono likalowesha wino. Ijumaa ikaisha. Jumamosi alfajiri nilisikia mlango wa jirani ukifungwa kwa kufuli, nikatazama dirishani nikamwona Mama Rukia akienda na kikapu, na juu ya kikapu beseni dogo jipya la samawati. Ningeweza kutoka nje. Barua ilikuwa imefika nusu. Nilijiambia akirudi nitakuwa na nakala safi.

Alirudi jioni ya siku hiyo hiyo, na beseni lake.

Mama ndiye aliyesema, akiwa anachuja chai: "Amefukuzwa. Msichana hakumruhusu hata kushika mtoto." Alisema kama mtu aliyesahau kuwa na ugomvi.

Nilikwenda chumbani, nikachukua barua zote, zile mbovu na ile ya nusu, nikampa. Alizisoma zote kwa mpangilio, kama anavyosahihisha mitihani. Nilingoja kiboko. Hakunichapa. Aliuliza kitu ambacho bado kinaniuma: "Hii ya kwanza uliandika lini?"

"Jana mchana."

"Jana mchana," akasema. "Na hii ya kwanza inasomeka vizuri kabisa."

Akanishika mkono, tukavuka.

Mama Rukia alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya karai lisilo na moto chini yake. Sikuficha kitu, nilisema pipa, nilisema kisu, nilisema tafadhali angalia namba yako. Alipoinua uso nilitamani anitukane. Alimwambia mama tu, "Mwalimu, niazime huyu mtoto kesho. Mimi nikisema, haniamini. Huyu atamwamini."

Kitale kulikuwa na baridi, na ardhi ilikuwa nyeupe kwenye mitaro, mvua ya mawe ilikuwa imetoka kunyesha. Rukia alikaa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Unga ulikuwa umetanda hata kwenye kamba ya nguo. Dada ya mume wake alifungua mlango, akamwona Mama Rukia, akasita, akasogea.

Rukia alikuwa kitandani, amejiegemeza ukutani, mtoto amefungwa kwenye shali. Hakuwa mkubwa kama nilivyomkumbuka.

"Mama, jana si tulimaliza?" alisema. "Ulibadilisha namba. Ni sawa. Ni namba yako."

"Sikubadilisha."

"Basi ni nani alinijibu? Ulipata mtoto mwingine?"

Mama Rukia aliniwekea mkono mgongoni, akanisukuma mbele kidogo. Nilitoa barua mfukoni, maana nilikuwa nimeimaliza, na safari hii haikuwa na kosa hata moja. "Nimeandika," nikasema.

"Sitaki kusoma." Alikuwa ameshtuka kidogo aliposikia sauti yangu. "Sema vile ulisema."

"Vipi?"

"Kwa simu. Hivyo hivyo." Akafumba macho.

Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama mtu anayekariri shairi. "Hujambo. Hapa ni kwa Mwalimu. Nikuitie nani? Samahani, umekosea namba."

"Na ya pili."

"Samahani dada. Tafadhali angalia namba yako vizuri kabla ya kupiga."

Kinu kilikuwa kinaunguruma nje. Chozi lilishuka pembeni ya pua ya Rukia, akaliacha.

"Ni yeye," akasema. "Hata hiyo 'tafadhali' ni yake. Nilimlaani siku nzima huyu mtu, nikiwa hospitali." Kisha alicheka, akajishika tumbo kwa sababu kucheka kuliuma. "Na kumbe ni katoto tu, na kaptura yake."

Mama Rukia hakuwa amesogea kutoka mlangoni.

"Mama," Rukia akasema, "maji ya moto yako jikoni. Huyu hajaogeshwa tangu asubuhi. Ile beseni ya jana uko nayo?"

Alikuwa nayo. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe, unga ukinidondokea kwenye nywele, na kutoka ndani nilisikia maji, halafu mtoto akilia kwa hasira, halafu sauti mbili za wanawake zikibishana kuhusu joto la maji. Ile barua ilibaki mfukoni mwangu. Hakuna aliyeiomba.

Siku hizi kazi yangu ni kuunganisha intaneti kwenye majumba, Bungoma, Kimilili, wakati mwingine mpaka Kitale. Sikusomea chuo chochote. Nilijifundisha kwa kufungua vitu vilivyokufa na kusoma usiku. Bado nina wasiwasi. Bado napima nyaya kwa rula na kurudia kazi ambayo mteja ameshaikubali. Ila nikikuta waya uliopinda kwa namna ya ajabu, siugusi mpaka nimpate mtu wa kunieleza, na mimi nikipindisha wangu, naacha kikaratasi ndani ya kisanduku nikisema kwa nini. Na nikikosea, nampigia mwenye nyumba siku hiyo hiyo, hata kama maneno hayajakaa sawa.